Mpokeaji wa Pengoni

Mwezi uliopita niliingia katika duka la mitumba la wahisani kutafuta sufuria, nikatoka na mpira. Ulikuwa umetupwa ndani ya kreti chini ya rafu ya viatu: mpira wa kahawia, umechongoka ncha mbili, upepo umeisha nusu. Niliuinua tu, kama mtu anavyoinua kitu dukani huku akiwaza mengine. Lakini raba iliyolowa, ikakauka, ikalowa tena miaka na miaka, ina harufu yake. Ni harufu ya matope, ya soksi, na ya chuma kwa mbali. Ikanijia puani, na pale pale, katikati ya viatu vya watu nisiowajua, nikawa na miaka kumi. Mama mmoja mhudumu wa dukani akaniuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama, na huu nauchukua.

Sisi wa rika langu tuliokulia London tukitokea Pwani tuna hadithi zinazofanana: baridi ya kwanza, koti kubwa kuliko mwili, mwalimu anayelitamka jina lako kana kwamba ni ugonjwa. Hizo nawaachia wengine. Yangu ni ya mchezo ambao hakuna mtu kwetu Kisauni aliyewahi kuusikia, na ya nafasi moja ndogo katika mchezo huo, ambayo kwa wiki tatu nzima niliielewa kinyume.

Mama alitangulia London nikiwa na miaka minne. Alikuwa muuguzi Mombasa, akapata kazi hospitalini huku, akatuacha mimi na kaka yangu Athumani kwa Nyanya mpaka mambo yatengemae. Yalichukua miaka sita kutengemaa. Athumani alikuwa na miaka saba Mama alipoondoka, kwa hiyo alikuwa na mama yake kichwani, na sauti yake na mikono yake na vichekesho vyake. Mimi nilikuwa na picha moja na simu ya Jumapili iliyokuwa ikikatikakatika. Siku tuliyofika uwanja wa ndege, Athumani alimkimbilia mwanamke mwenye koti la kijani. Mimi nikabaki nimeshika toroli, nikingoja nihakikishe kama ndiye.

Hakuwa mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Alikuwa mpole kwangu jinsi mtu anavyokuwa mpole kwa mgeni wa heshima. Aliniuliza kama nimeshiba. Aliniuliza kama maji ya kuoga hayakuwa moto mno. Athumani yeye alimtania Mama, naye Mama alimkaripia kwa kuacha vijiko kwenye sinki, akamrushia kitambaa cha vyombo na kumwita mzee wa mtaa, wakacheka. Mimi hakunikaripia hata nilipovunja bilauri mbili kwa siku moja. Nikapiga hesabu zangu za mtoto, nikaona kwamba aliyeitwa London ni Athumani, na mimi nililetwa kwa kuwa isingependeza kumwacha mmoja.

Tuliishi Walthamstow, ghorofa ya pili, juu ya duka la kufulia nguo kwa mashine, hatua chache kutoka kwenye ule mtaa mrefu wa soko. Baridi ilipoanza kulegea Athumani alirudi na karatasi kutoka shuleni. Kulikuwa na mchezo mpya kila Jumamosi asubuhi, bure, wavulana kwa wasichana, kuanzia miaka kumi mpaka kumi na nne. Mama alikuwa na zamu Jumamosi, na hakukuwa na wa kunitazama. Akamwambia Athumani kwamba ataenda, lakini atakwenda na mimi. Athumani akakubali kwa uso wa mtu aliyeambiwa akacheze amebeba gunia.

Ulikuwa ule mpira wa Kimarekani, ila wa watoto, usio na kofia ngumu wala kugongana. Kila mchezaji alifunga mkanda kiunoni, na kwenye mkanda zilining'inia tepe mbili, moja kila upande. Ukiwa na mpira na mtu akakunyofoa tepe, umekamatwa, kila kitu kinasimama. Kila timu ilikuwa na watu watano. Mmoja huinama katikati na kuupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake. Wa pili, mrushaji, huupokea na kutafuta wa kumrushia. Wawili husimama mbali kabisa pembeni, kushoto na kulia, na hao huwa warefu wenye mbio, wanaokimbia moja kwa moja kwenda mbele huku watu wakipiga kelele. Athumani alipewa nafasi hiyo siku ya kwanza, kabla hata hajavua koti.

Wa tano siku hiyo alikuwa anaumwa. Kocha alikuwa fundi wa lifti, mtu mnene mwenye sauti ndogo, jina lake Winston, ambaye aliishi Marekani kwa mjomba wake alipokuwa kijana na kurudi na mchezo huu. Alitazama huku na huku, akaniona nimekaa juu ya begi la Athumani, akaniita. Akanisimamisha kwenye uwazi uliokuwa kati ya yule wa katikati na kaka yangu wa pembeni, akaniambia kwa Kiingereza kwamba mimi ndiye sloti wake.

Neno hilo nililijua. Kwenye mashine za kufulia chini ya nyumba yetu kulikuwa na kibandiko kilichokataza kutia kitu chochote kwenye sloti isipokuwa sarafu. Sloti ni tundu. Kuhakikisha, nilimwuliza Athumani kwa Kiswahili. Alikuwa anaona haya mbele ya wenzake wapya, akanijibu bila kunitazama.

"Ni tundu. Wewe unaziba tundu. Simama tu, usifanye kitu."

Basi nikaziba. Niliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, maana nilikuwa mtoto mtiifu na nilitaka mtu aniambie nimefanya vizuri. Nilielewa kwamba uwanja ukiwa na uwazi unakuwa kama mdomo wenye jino lililong'oka, na kazi yangu ilikuwa kuusitiri. Kila mpira ulipoanza, wengine walitimua mbio. Mimi nilitembea hatua zangu chache, nikatazama wapinzani wamesimama wapi, nikatafuta uwazi mkubwa zaidi kati ya wawili wao, nikaenda kusimama katikati yake, nikageuka na kumtazama mrushaji, mikono kifuani. Wakisogea, pengo likahama, nami nikahama nalo. Nilifanya hivyo Jumamosi ya kwanza, ya pili, na nusu ya tatu. Nilikuwa hodari. Hakuna pengo lililonipita.

Jumamosi hiyo ya tatu mrushaji wetu, kijana mmoja mwenye madoa usoni aliyeitwa Darren, alibanwa pande zote, akaurusha mpira kwangu. Ulinipiga kifuani, mikono ikaufunga yenyewe kwa woga. Watu wakaanza kunipigia kelele nikimbie. Nikakimbia. Nilikimbia kurudi kwa Darren, nikampa mpira wake kwa mikono miwili, na kwa adabu nikamwomba radhi kwa kuwa ulimponyoka.

Walicheka mpaka wengine wakalala chini. Athumani alijifunika uso kwa fulana yake. Kocha Winston peke yake hakucheka. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, akaniuliza nani alinifundisha kusimama pale ninaposimama. Nikamwambia hakuna. Akauliza najuaje pa kusimama. Kwa Kiingereza changu cha wakati huo nikamweleza kwamba naziba, kama alivyoniambia mwenyewe. Alinitazama kidogo, akaelewa, akakaa kwenye majani yaliyolowa na suruali yake ya kazini, na hapo ndipo naye alipocheka, kicheko kirefu kisicho na sauti, machozi yakimtoka.

Halafu akatuma mtu alete vikombe vya plastiki na vipande vya machungwa tuliyokuwa tunakula wakati wa mapumziko. Vikombe vikawa wapinzani. Kipande kimoja cha chungwa kikawa mimi.

"Kaka yako anapata mpira kwa sababu ana mbio," akaniambia polepole ili nielewe. "Wewe utaupata kwa sababu umeshafika mahali ambapo hakuna mtu. Hilo haliwezi kufundishwa kwa urahisi, na wewe umelifanya kwa bahati mbaya wiki tatu. Sasa tulifanye kwa makusudi."

Alinieleza kwamba sloti ni mpokeaji anayesimama pengoni, na kwamba wapinzani ni wa namna mbili, wanaolinda mahali na wanaomlinda mtu. Wakilinda mahali, fanya vile vile nilivyokuwa nikifanya: ingia katikati yao, tulia, mwonyeshe mrushaji kifua. Lakini akiwepo anayenilinda mimi, anayenifuata kila niendapo, nisisimame hata kidogo. Nimwendee usoni kama ninayetaka kumpita, na nitazame kiuno chake, maana macho na mabega yanaweza kunidanganya, ila kiuno kikishageukia upande mmoja hakiwezi kurudi upesi. Kikigeukia nje, mimi niingie ndani. Kikigeukia ndani, mimi nitoke nje. Na mpira ukija, niudake kwanza, ndipo nifikirie kukimbia, kwa sababu mpokeaji wa pengoni hudaka akiwa na watu ubavuni, na anayewaogopa huwatazama wao akausahau mpira. Wa pembeni anahitaji miguu, akasema. Sloti anahitaji miguu, macho, na ujasiri wa kuwa mdogo kati ya wakubwa. Akakila kile kipande cha chungwa kilichokuwa mimi, akasema turudi uwanjani.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na kazi. Shida ilikuwa pa kuifanyia mazoezi, na soko likanipa. Siku za watu wengi mtaa ule ulijaa ukuta kwa ukuta, nami ndiye niliyetumwa ndizi za kupika, dania na pilipili. Kabla ya hapo nilikuwa napita nimejikunyata nikisukumwa. Sasa nilianza kuwatazama viuno. Ajuza mwenye kitoroli cha magurudumu, kiuno chake kimeelekea kwenye meza ya samaki, basi nampita kulia. Mwanamume mwenye kreti ya nyanya, macho yako kwangu lakini kiuno kiko barabarani, basi kushoto. Wiki ya kwanza nilikanyaga watu wanne na kutukanwa kwa lugha tatu. Wiki ya tatu nilirudi nyumbani upesi mno, Mama akatazama saa ya ukutani, akatazama dania, akaniuliza kama nimenunua au nimeokota.

Ilikuwa alasiri moja, Mama yuko mapumzikoni, Athumani hajarudi kutoka shule. Nilikuwa kwenye ukumbi mwembamba wa nyumba yetu nikirusha soksi zilizoviringishwa, zigonge ukuta, nizidake. Nilidhani Mama amelala. Nikageuka nikamwona amesimama mlangoni mwa chumba chake amefunga leso, sijui kwa muda gani. Nikaacha. Nikamwomba radhi kwa kelele.

Aliniuliza ni nini hicho. Nikamweleza, nusu Kiingereza nusu Kiswahili, habari ya pengo na vikombe na viuno. Nilitegemea aniulize kama nimechoka, kama alivyokuwa akiniuliza kila siku. Badala yake alinyoosha mkono nikampa soksi. Akazipima uzito kiganjani, akarudi nyuma mpaka jikoni, akazirusha. Zilipita ukumbi wote bila kugusa ukuta huu wala ule, zikatua mikononi mwangu kana kwamba ameziweka. Sikusogeza hata kidole.

"Chuo cha uuguzi nilicheza netiboli," akasema. "Nilikuwa senta. Tulikuwa tukiwafunga walimu." Akavua ndara. "Haya, rudisha."

Tulirushiana mpaka gudulia la achari likaanguka kutoka juu ya friji. Tulipiga deki tukicheka, na harufu ya ndimu na pilipili haikutoka ukumbini mwezi mzima.

Kutoka siku hiyo, kila zamu zake ziliporuhusu, tulishuka kwenye ua wa kuegesha magari nyuma ya nyumba. Kocha aliniazima mpira. Mwanzoni ulimshinda, ukitoka mkononi mwake unapepesuka kama kuku anayefukuzwa, akaukasirikia, akauchunguza kama anavyomchunguza mgonjwa, akagundua kwamba vidole vinakaa kwenye nyuzi na kifundo cha mkono ndicho kinachouzungusha. Baada ya hapo sikuwa na mrushaji bora kuliko yeye, na Darren namhesabu. Karatasi ya mistari na mishale niliyopewa na Kocha, Mama aliibandika kwenye friji, akawa anaisoma asubuhi na chai yake. Aliniuliza maswali ambayo sikuwahi kuyafikiria: na huyu akisimama huku je? Na wakija wawili? Tukatunga maneno yetu matatu. Ndani, nje, kaa. Alivaa viatu vyake vyeupe vya hospitalini na koti lile la kijani, alijifanya mpinzani, akageuza kiuno, nami nikakata upande wa pili, naye akanirushia huku akitweta.

Siku moja niliuangusha mpira mara tano mfululizo kwa sababu nilikuwa nikitazama mbele kabla sijaudaka. Mara ya tano Mama akaweka mikono kiunoni.

"We Mishi! Macho yako wapi? Nimesimama hapa na baridi hii unifanye mimi mjinga? Uangalie mpira!"

Jirani alifungua dirisha. Mimi nikasimama pale na furaha iliyoanzia tumboni ikapanda mpaka masikioni. Alikuwa amenikaripia. Alikuwa amenipigia kelele mbele ya majirani, kwa jina langu, kama alivyokuwa akimpigia Athumani. Nikaenda kuuokota mpira chini ya gari na kukaa huko kidogo zaidi ya ilivyohitajika, ili asinione ninavyotabasamu, kwa kuwa ingeonekana utovu wa adabu.

Jambo ambalo sikuliona, nikiwa nimejaa mambo yangu, ni kwamba Athumani alikuwa akitutazama kutoka dirishani. Uwanjani Darren alikuwa ameanza kunirushia mimi kila alipobanwa, pasi fupi fupi za hakika, hatua tano, hatua saba, na mipira mirefu ya kwenda kwa Athumani ilipungua. Akaacha kuningoja njiani. Akawa anakula akitazama sahani. Jioni moja tukiosha vyombo nilimwuliza ana nini, akasugua sufuria moja kwa muda mrefu.

"Mimi Mama hajawahi kunirushia mpira," akasema.

Nilishangaa kabisa. Mpaka dakika ile nilikuwa nimeamini kwamba Mama mzima ni wake, na kwamba mimi nilikuwa nikimegewa pembeni. Haikunipitia kwamba mtu mwenye kitu chote anaweza kulilia kipande. Nikamwambia yeye ni mrefu. Ndilo jema pekee lililonijia. Akanitazama, akasema hilo si jibu, lakini alinipokonya kitambaa na kumalizia vyombo vyangu.

Vuli ilipofika, timu za watoto za pande mbalimbali za mji zilikutana kwa siku moja kwenye viwanja vile vikubwa vya Hackney. Mama alibadilishana zamu na mwenzake, akaja na chupa ya chai ya maziwa na chapati zilizokunjwa ndani ya karatasi ya foili, akasimama ukingoni amevaa koti lake la kijani na kofia ya sufu ya Athumani. Ulikuwa mchana wa mvua nyepesi, ile isiyonyesha wala isiyoacha. Tulishinda mchezo wa kwanza, tukashinda wa pili, na wa mwisho tukakutana na timu iliyotoka Peckham.

Walikuwa na msichana. Mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima, nywele zimesukwa kwa nyuzi nyekundu, na kazi yake ilikuwa mimi. Alinifuata kila niendapo. Nilimwendea usoni nikatazama kiuno chake, na kiuno chake hakikugeuka, kwa sababu naye alikuwa anatazama changu. Kuna mtu alikuwa amemfundisha. Kipindi chote cha kwanza kila nilipogusa mpira nilisikia tepe ikichomoka, na yeye ananirudishia mkononi bila neno, kama karani anayerudisha fomu iliyokosewa. Wakati wa mapumziko nilikuwa karibu kulia. Kocha Winston hakunipa maneno mengi. Alisema kama anatazama kiuno changu, basi nimpe cha kutazama.

Kipindi cha pili nikampa. Nilikigeuza kiuno nje, nikakihesabia moja, nikaingia ndani, na Darren akaniona. Nikaupata. Nikafanya tena kwa kinyume, nikaupata. Mara ya tatu nilidaka nikiwa kati yake na mwenzake, sikuwatazama, nikautazama mpira mpaka ukaingia mikononi. Ukingoni nilisikia sauti moja tu ya Kiswahili, na haikuwa inanikaripia.

Hapo kocha wao akafanya alichopaswa kufanya. Akaongeza mtu wa pili kwangu, kijana mwepesi mwenye miguu kama mkasi. Zikabaki sekunde chache, jaribio letu la mwisho, na bao moja lingetupa ushindi. Kocha Winston akatupa mpango: mimi nikate ndani, Darren anirushie. Nilirudi kwenye pengo langu, nikawatazama wote wawili. Msichana alikuwa mbele yangu. Kijana alikuwa nyuma yake kidogo, upande wa Athumani, mguu mmoja kwangu na mmoja kwa kaka yangu. Kiuno chake kilikuwa bado hakijaamua.

Nakumbuka nilivyoelewa, haraka kuliko ninavyoweza kusimulia sasa. Nikikata ndani taratibu, yule kijana atabaki katikati na kutulinda wote wawili. Nikikata kama mtu mwenye uhakika, atakuja.

Mpira ukaanza. Nikakata ndani kwa nguvu zangu zote, nikainua mikono miwili, na mimi ambaye msimu mzima sikuwahi kupaza sauti uwanjani nikalipaza jina la Darren. Nilikiona kiuno cha kijana kikigeuka. Wote wawili wakanijia. Darren aliinua mkono kunirushia, akaona mlima wa watu, akatazama juu ya kichwa changu, na huko pembeni, peke yake kwenye majani, alikuwa Athumani akikimbia. Sikuona alivyodaka. Nilikuwa chini, msichana wa nyuzi nyekundu ameniangukia, tepe yangu iko mkononi mwake. Nilisikia kelele tu.

Aliitazama tepe, akanitazama mimi.

"Hata huna mpira," akasema kwa Kiingereza.

Nikamwambia najua. Akafikiri, akacheka, akanivuta kunisimamisha.

Timu nzima ilikuwa imemrukia Athumani kule mwisho wa uwanja. Wazazi walikuwa wakikimbilia huko, Kocha Winston naye na mwili wake wote. Mama hakwenda huko. Alikuwa anakuja kwangu, akivuka uwanja ulio matope na viatu vyake vyeupe, chupa ya chai kwapani, na alipofika hakunipapasa kutafuta kama nimeumia, alininyooshea vidole viwili.

"Wawili," akasema. "Umewachukua wawili. Nimekuona."

Alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa, akanishikia nikinywa. Athumani alipotufikia, amebebwa nusu njia, kikombe cha plastiki cha ushindi mkononi, alimwambia Mama neno moja na kulirudia mara tatu, kwamba alikuwa peke yake. Peke yake kabisa pale, Mama, peke yake. Halafu akanipiga kofi la begani lililoniuma mpaka Jumatatu, na akaniambia nimshikie kikombe afunge kamba za viatu. Hakukiomba tena mpaka nyumbani.

Tulipanda basi la ghorofa, tukaenda juu, tukakaa kiti cha nyuma kabisa watatu, Mama katikati. Vioo vilikuwa vimejaa mvuke. Mama alichora uwanja kwa kidole, akaweka nukta, akamtaka Athumani aonyeshe alipokuwa, akanitaka mimi nionyeshe nilipokuwa, wakabishana kuhusu yule kijana alisimama wapi. Chapati zilikuwa zimepoa na tulizila zote. Na pengine kwa sababu tulikuwa tumebanana, na kwa sababu nilikuwa nimepaza sauti mara moja siku hiyo na hakuna baya lililotokea, nikauliza jambo ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Kisauni.

Nilimwuliza kama siku aliyoondoka aliniaga.

Mama aliacha kuchora. Athumani akatazama nje, ingawa kioo kilikuwa hakionyeshi kitu.

"Nilikuamsha," Mama akasema. "Nyanya yako alinikataza, akasema nikuache ulale. Nikakuamsha. Ukafumbua macho, ukaniuliza, kumekucha? Nikakwambia bado. Ukaniambia, basi mbona waniamsha? Ukageukia ukutani ukalala."

"Kweli," akasema Athumani. "Mimi nilikuwepo. Ulikasirika sana."

"Hayo ndiyo maneno niliyosafiri nayo," Mama akasema. "Miaka sita. Kila nikiingia zamu ya alfajiri, na baridi, na wagonjwa wamelala, nayasikia. Basi mbona waniamsha. Nacheka peke yangu kwenye korido, wenzangu wanadhani nimechanganyikiwa."

Alikuwa anacheka akisema hivyo, na kufuta macho kwa ncha ya kofia ya Athumani. Nikaanza kucheka mimi, halafu Athumani, na kila tulipokaribia kunyamaza mmoja wetu alilisema tena, kwa sauti ya mtoto wa miaka minne aliyekatizwa usingizi, tukaanza upya. Watu wa viti vya mbele waligeuka wakatutazama. Hakuna aliyebonyeza kengele. Basi lilitupitisha kituo chetu, na kinachofuata, na kinachofuata tena, mpaka dereva akapaza sauti kutoka chini akiuliza sisi wa juu tuna safari ya kwenda wapi.